Mvua Ndiyo Kengele

Kama kuna mtu hapa Kasongo aliyewahi kumwona Rachida amekaa kitako mpaka akamaliza kikombe cha chai, ajitokeze tumpe kuku. Majirani walikwisha kumzoea. Huja kusalimia mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, hunywa mafunda mawili, hukumbuka jambo alilolisahau nyumbani, na kabla hujamwambia karibu tena, huyo amefika njia panda. Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba wenzake wameoa wanawake, yeye ameoa upepo. Binti yao wa pekee, Nuru, aliolewa Nyangwe, na kila mama yake anapoaga kwamba anakwenda kukaa na mjukuu mwezi mzima, wiki haiishi utamwona amerudi na furushi lake la samaki wakavu, eti nyumba ya mkwe haina nafasi ya kutembea.

Sasa mtu kama huyo, tazama walivyompa kazi ya kutunza maktaba. Wala haikuwa mzaha. Vitabu vililetwa na lori kupitia njia ya Kabambare, makatoni kwa makatoni, zawadi ya watu wa mbali waliotuonea huruma bila kutuuliza tunasoma nini. Humo mlikuwa na hadithi za Kifaransa, chache za Kiswahili, kamusi zilizoanzia herufi D kwa sababu kurasa za mbele zilibaki njiani, na kitabu kinene cha kufundisha jinsi ya kuikinga miti ya matunda isiharibiwe na theluji. Shule ya sekondari ilikuwa na chumba kimoja kitupu mwisho wa uwanja. Akatafutwa mtu aliyesoma kidogo na asiyekuwa na watoto wadogo, akapatikana Mama Nuru, maana ndivyo alivyoitwa na watu, kwa jina la bintiye. Masomo yake yaliishia mwaka wa nne wa sekondari, lakini tangu utotoni alikuwa akimsaidia baba yake, Maalim Faradji, katika chuo cha Kurani kilichokuwa nyuma ya nyumba yao.

Chuo hicho ndicho kilichomharibu, ukipenda kusema hivyo. Kule kila mtoto alikuwa na ukurasa wake na sauti yake. Mmoja yuko kwenye alifu, mwingine yuko katikati ya juzuu, na wote wanasoma kwa pamoja, kwa kelele, huku Maalim amefumba macho katikati yao. Mgeni angedhani ni soko. Lakini mtoto akiteleza kwenye neno moja tu, Maalim alinyoosha fimbo bila kufumbua macho, ikamgusa yuleyule. Rachida alikua akijua kwamba kusoma ni kazi ya mdomo. Kwa hiyo siku ya kwanza alipoona mkuu wa shule amebandika ukutani karatasi iliyoandikwa KIMYA kwa herufi kubwa, moyo ulimsononeka, ila kazi ni kazi.

Mkuu huyo, au prefe kama tunavyowaita wakuu wa sekondari, jina lake Yves, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na udhaifu mmoja tu, nao ni horere. Kila mwanzo wa mwaka aliichora ratiba hiyo ya masomo kwenye karatasi kubwa kwa kalamu za rangi, akaitundika nyuma ya kiti chake, na mtu akiikodolea macho sana yeye aliona wivu kana kwamba ametazamiwa mke. Katika horere hiyo, saa ya maktaba aliitupa Ijumaa, saa ya mwisho.

Haya, fikiria mwenyewe. Ijumaa saa ya mwisho wanafunzi Waislamu wamekwisha kutawadha, wako njiani kwenda msikitini. Wakristo wamebaki, lakini macho yako dirishani na matumbo yanawaza ugali na sombe. Wachache walioingia walikuta sharti la prefe linawangoja: ukisoma kitabu, andika muhtasari, upewe alama. Nani atafurahia hadithi ya sungura huku ametishiwa alama? Walinakili ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho, wakaenda zao. Rachida alizunguka chumbani, akapangusa vumbi lililokwisha kupanguswa, akahamisha kamusi kutoka rafu hii hadi ile, kisha akazirudisha.

Hapo ndipo prefe alipomwita ofisini, siku za mwanzo za muhula wa pili.

"Mama Nuru, enspekteri atakuja mbele ya Pasaka," alisema. "Ile chumba yako, kila Ijumaa napita, naona wewe na kamusi tu. Muhasibu hana biro, hana hata chumba ya kufanyia kazi. Kama enspekteri anakuta chumba iko bule, mimi njo ataniuliza."

"Chumba haiko bule, bwana prefe. Saa njo mbaya. Nani anasoma Ijumaa saa ya mwisho? Hata mimi niko na hamu ya kutoka."

"Wewe uko na hamu ya kutoka kila saa."

Rachida alihamisha uzito wake kutoka mguu wa kulia hadi wa kushoto.

"Unipe saa ya mbele," alisema. "Ya asubuhi, siku yoyote. Mutoto anasoma vizuri kichwa ikiwa ingali baridi."

Prefe aligeuka kuitazama horere yake kwa uchungu, kama mtu anayeombwa akate tawi la mti alioupanda mwenyewe. Saa ya kwanza ya Jumatatu ilikuwa ya hesabu, ya mwalimu François. Akaitwa François, mwanamume mrefu, mpole, anayekuja shuleni kwa baiskeli kutoka mbali. Alisikiliza, akakubali upesi mno. "Achukue tu," alisema. "Mimi nitachukua ile ya Ijumaa." Rachida alimshukuru mpaka yeye akaona haya. Laiti angejiuliza kidogo kwa nini mwalimu wa hesabu anagawa saa yake kwa moyo mweupe namna ile.

Ulikuwa msimu wa mvua, na mvua za kwetu hupenda asubuhi. Kila aliyezaliwa hapa anajua desturi: mvua ikinyesha asubuhi, hakuna shule mpaka ikatike. Hakuna aliyeiandika, wala prefe hakuitilia rangi kwenye horere, lakini ndiyo sheria inayofuatwa kuliko zote. Mwanafunzi haulizwi, mwalimu haulizwi, na hata kengele huachwa ilale. Rachida alizaliwa hapa, alinyeshewa hapa, na bado akaisahau, kwa sababu aliwaza saa bila kuwaza mawingu. Jumatatu ya kwanza ilinyesha. Iliyofuata ikanyesha. Iliyofuata hiyo kulipambazuka jua, akaenda mbio kufungua madirisha ya maktaba, na kabla hajamaliza dirisha la mwisho tone la kwanza likamdondokea puani.

Aliporudi nyumbani ameloa, kaka yake mkubwa, Hamadi, alicheka mpaka akashika mlango. Hamadi ana duka karibu na soko, la chumvi, sabuni, vitenge na tochi, na Rachida alikuwa akiishi naye katika nyumba ya marehemu baba yao.

"Umemunyanganya François saa," alisema, "kumbe ilikuwa saa ya mvua."

"Yaya, kaka yangu, usinicheke."

"Sikucheki. Nasema tu, kule dukani iko kiti, na juu ya kiti iko mabati haivuji. Siku wanakunyanganya ile chumba, utakuja kukaa."

Neno hilo la kukaa lilimwingia Rachida mwilini kama homa. Alijiona nyuma ya mizani, asubuhi hadi jioni, akipima chumvi na kusubiri mtu wa pili aje kununua chumvi, mpaka siku atakayobebwa kutoka pale. Aliogopa, na aliijua hofu yake kwa jina. Bila ile maktaba hakuwa na pa kuipeleka miguu yake.

Jumatatu nyingine mvua ilishuka kabla hajanywa chai. Watu wenye akili wakajikunyata majumbani mwao. Rachida alisimama, akaketi, akasimama, kisha akajifunika mfuko wa plastiki kichwani na kutoka. Shuleni alikuta darasa la mwaka wa tatu lina watu: watoto wanaokaa jirani, na wengine waliotangulia mvua. Mwalimu François naye alikuwa humo. Mvua ilimkuta njiani, akakimbilia darasani na baiskeli yake, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuvuka uwanja kwenda maktaba, akaamua kufundisha hesabu zake. Alifungua kinywa. Alipaza sauti. Lakini darasa letu halina dari, ni mabati matupu, na mvua ya Maniema ikiyapiga mabati hata mtu akikutukana sikioni utamwambia asante. Watoto waliweka viganja masikioni, wakatikisa vichwa. Mwisho François aliweka chaki chini, akakunja mikono.

Rachida alisimama mlangoni, akatazama. Hapa watoto hawana la kufanya. Hapa mwalimu hasikiki. Na ng'ambo ya uwanja vitabu havina mtu. Hakungoja wazo liive. Alivuka uwanja mbio, akalichukua beseni la kupigia deki, akalifuta kwa upindo wa kitenge chake, akalijaza vitabu, akafunika kwa turubai la plastiki, akajitwika. Aliporudi aligawa bila kuuliza nani anataka nini, hata kile cha theluji kikapata mtu. Hakuandika nani amechukua. Hakutaja muhtasari. Hata angetaka kutaja, nani angemsikia?

Watoto walisoma. Mwanzoni kwa kuwa hapakuwa na jambo lingine, kisha kwa kuwa walikuwa wameanza. Rachida alipita kati ya madawati, maana kusimama mahali pamoja ilikuwa nje ya uwezo wake, na alipofika dawati la nyuma aliona midomo inacheza.

Ilikuwa midomo ya Dieudonnée. Msichana huyu alitoka Wamaza, alikuja mjini kukaa kwa shangazi yake ili asome, na nyumbani kwao walizungumza Kibangubangu. Wiki zake za kwanza shuleni aliitwa kusoma Kifaransa mbele ya wenzake, akasoma kama alivyofundishwa kijijini, na darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo alifunga mdomo. Walimu walimwita, akasimama, akatazama miguu yake mpaka wakachoka. Wengine walikwisha kuamua kwamba hajui kusoma.

Rachida aliinama karibu yake kana kwamba anaokota kitu. Akasikia. Msichana alikuwa anasoma kwa sauti, na si sauti ndogo, ni sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Aliteleza, akarudia, akateleza, akapita. Mvua ilimfunika. Aliyekuwa amekaa dawati moja naye hakusikia kitu. Rachida alinyanyuka polepole na kwenda upande wa pili wa darasa, na huko ukutani alilia kidogo, kwa furaha, huku akisingizia maji ya mvua.

Mvua ilipokatika alikwenda moja kwa moja kwa prefe, nguo zingali zinachuruzika.

"Bwana prefe, nimejua saa ya maktaba. Hapana Ijumaa, hapana Jumatatu. Ni mvua. Kila mara mvua inapiga mabati, mwalimu anyamaze, mimi nilete vitabu. Ile saa inapotea bule kila siku, na vitabu vinalala bule kila siku."

Prefe alimtazama, kisha akaitazama horere.

"Na hapa nitaandika nini? Mvua?"

"Andika."

"Mama Nuru, horere ni ya saa. Mvua haina saa. Inakuja Jumanne, inakuja Alhamisi, inakuja katikati ya jiografia."

"Basi jiografia itangoja. Hata sasa inangoja, ila inangoja mikono mitupu."

Prefe alijikuta anacheka. Hakuiandika, kalamu za rangi zilibaki ndani ya mtoto wa meza, lakini alisema wajaribu mpaka enspekteri aje. Akaongeza kwamba habari ya muhtasari waiache kwanza, kwa sababu karatasi zinalowana. Rachida aliipokea sababu hiyo bila kubisha.

Dalili ya mvua ni mawingu, na sasa shule nzima ilijifunza kusoma mawingu. Walimu waliokuwa wakikasirika mvua ikiwakata katikati ya somo walianza kuchukua kitabu nao. Watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa desturi ile tuliyoitaja walianza kukimbia ili mvua iwakute darasani na si kitandani, kwa sababu aliyeanza hadithi juzi anataka kujua ilipoishia. Na wote walisoma kwa sauti. Hakuna aliyewaamuru. Mmoja alijaribu akaona hakuna anayesikia, wa pili akajaribu, na baada ya muda mtu akichungulia dirishani aliona vinywa vimefunguka darasa zima wala asisikie hata kimoja. Chuo cha Maalim Faradji kilikuwa kimefufuka chini ya mabati, na aliyejua hivyo ni binti yake peke yake.

Miguu ya Rachida ilipata kazi. Alfajiri alikuwa uani anatazama mashariki. Mchana alipita darasa hadi darasa na beseni kichwani. Lakini roho haikutulia, maana siku zilikuwa zinakwenda na enspekteri hakuwa ametaja siku. Usingizini aliota anga jeupe. Alimwangalia Dieudonnée kwa jicho la pembeni, hakumwambia neno, hakumwambia mtu habari zake. Kila mvua msichana alikuwa anateleza mara chache zaidi.

Enspekteri alikuja siku ambayo mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole, aliyechoshwa na barabara. Prefe alimtembeza. Walipofika maktaba, chumba kilikuwa kitupu na Rachida amesimama katikati.

"Wasomaji wako wapi, mama?" aliuliza enspekteri.

"Wanasomaga wakati wa mvua, baba."

Enspekteri alimgeukia prefe. Prefe alikohoa, akaeleza kwa maneno mengi ya Kifaransa, na kadiri alivyoeleza ndivyo jambo lilivyozidi kusikika la kipuuzi. Hapo Rachida angeweza kusema kwamba leo hakuna mvua, baba, tafadhali urudi siku ya mawingu. Angeweza kunyamaza tu. Mtu mwingine yeyote angenyamaza. Lakini aliona biro ya muhasibu, aliona mizani ya Hamadi, na miguu yake ikaanza kwenda kabla kichwa hakijaamua. Alijaza beseni, akaongoza njia mpaka darasa la mwaka wa tatu, alimokuwa akifundisha François, akagawa vitabu mbele ya mgeni.

"Someni kama siku zote," aliwaambia.

Walianza kwa haya, wakitazamana. Kisha mmoja akapaza sauti, wa pili akapaza ili ajisikie mwenyewe, na mara darasa likawa vurugu tupu, kila mmoja na ukurasa wake. Bila mvua, ilikuwa kelele. Rachida aliisikia kwa mara ya kwanza kama mgeni anavyoisikia, akajua amekosea. Enspekteri aliinua mkono. Waliouona mkono walinyamaza, waliobaki wakanyamaza kwa kuona wenzao wamenyamaza.

Aliyeendelea ni mmoja. Dieudonnée alikuwa ameinamisha uso kitabuni, na kelele za wenzake zilimdanganya kuwa ni mvua. Alisoma sentensi nzima peke yake, kwa ile sauti ya ng'ambo ya bonde, maneno ya Kifaransa yakitoka na lafudhi yote ya Wamaza. Kisha akasikia kimya. Akainua kichwa. Kicheko kilianza mbele kikaja nyuma, na François alipogonga meza kilikuwa kimekwisha kufika.

Msichana hakulia. Alifunga kitabu taratibu, akaweka mikono juu yake, akamtazama Rachida. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayetaka kujua ni kwa nini. Na Rachida, ambaye hajawahi kukosa la kufanya na miguu yake, hakujua aipeleke wapi.

Enspekteri hakugomba. Alisema nje, kwa upole, kwamba kelele si kusoma, maktaba ni mahali pa kimya, shule haina vyumba vya kuchezea, na vitabu vinaweza kukaa madarasani kwenye mabeseni vikangojea mpango mzuri zaidi. Muhasibu akapata biro. Prefe alimwambia Rachida apumzike kwa sasa, na kila mtu Kasongo anajua "kwa sasa" ina urefu gani.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Rachida alikalia kile kiti. Yaani, alikalia ukingo wake. Alipanga sabuni upya kila asubuhi, akakunja vitenge vilivyokunjwa, akatoka mara kwa mara kutazama kama kuna mtu anayekuja, na Hamadi, ambaye ndiye aliyemwita, alianza kuumwa kichwa. Lakini kilichomla si duka. Maji yakimwagika hayazoleki, na kila akifumba macho aliuona uso ule unaouliza. Chumba angekisamehe. Yule mtoto alikuwa amejificha mahali pazuri, na yeye, kwa haraka zake, alikwenda kumfunua mbele ya watu ili aokoe kazi.

Dieudonnée alikuja dukani mara moja, ametumwa chumvi na shangazi yake. Aliomba kwa kunyoosha kidole. Rachida alimpimia, akazidisha, akafunga, akamkabidhi.

"Salimia shangazi," alisema tu.

Msichana aliitikia kwa kichwa, akaondoka.

Kisha ikaja mvua kubwa, asubuhi, katikati ya wiki. Iliangukia mabati ya duka kwa kishindo na Rachida akawa amesimama kabla hajajua. Mikono ilikuwa inatafuta beseni. Hamadi alisema jambo ambalo halikusikika, huenda lilikuwa nenda, huenda lilikuwa keti. Alikwenda. Hakujifunika hata mfuko.

Uwanja wa shule ulikuwa ziwa. Alivuka, akachungulia dirisha la mwaka wa tatu, na alichokiona kilimfurahisha na kumuuma kwa pamoja: beseni liko kati, tupu, na kila mtoto ana kitabu. Vinywa vinacheza. François naye amekaa mezani anasoma, ameshika kichwa. Hakuna aliyewaletea, hakuna aliyewaambia. Mvua ilipiga kengele, wakaitika. Hawakumhitaji hata kidogo, na kwa nukta moja alitaka kugeuza arudi.

Lakini macho yalikwenda dawati la nyuma. Dieudonnée alikuwa na kitabu mbele yake, kimefungwa. Midomo pia.

Rachida aliingia. Aliacha mto wa maji sakafuni, akafika dawati la mwisho, akamsukuma msichana kwa kiuno kama tunavyosukumana kwenye mkeka wa arusi, akakaa. Alitwaa kitabu cha jirani, akakifungua popote, akaanza kusoma kwa sauti. Kifaransa chake kilikuwa cha mwaka wa nne, cha miaka mingi nyuma, kimeota kutu. Alisoma na kuteleza, akarudia, akateleza. Hakumtazama msichana. Alihisi tu kwamba macho yale yako kwenye mdomo wake.

Ukurasa ukaisha, akafungua mwingine. Magoti yalimwasha, mgongo uliloa, kila kiungo mwilini kilimwambia inuka. Alisoma.

Mvua za kwetu hukatika kama uzi. Ilikatika. Sauti zikaanguka moja moja darasa zima, na katika kile kimya Rachida alijisikia mwenyewe: sauti ya mwanamke mzima, kavu, inalivunja neno rahisi la Kifaransa vipande vitatu. Mtu mmoja mbele alicheka. Damu ilimpanda usoni mpaka masikio. Ulimi ulitaka kunyamaza. Akalirudia lile neno, akalivunja tena, akaendelea mbele.

Kando yake kitabu kilifunguliwa. Kwanza ilikuwa pumzi tu. Kisha sauti ya pili ikaingia, ndogo, ikitetemeka, kutoka ukurasa wake mwenyewe, wala haikufuata maneno ya Rachida. Wakasoma wawili, kila mtu na habari yake, kama watoto wa chuo. François aliinua kichwa, na safari hii hakuhitaji kugonga meza.

Rachida alifika mwisho wa ukurasa wake, akanyamaza. Dieudonnée alikuwa bado yuko mbali na mwisho wa wake. Nje jua lilikwisha kutoka, dukani hakuna mtu wa kumsaidia Hamadi, na watoto wote walikuwa wamegeuka kuwatazama. Rachida alikaa, mikono juu ya meza, mpaka msichana akamaliza.